Mluzi wa Namba Tatu

Nilituma barua kumi na tisa za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, na kumi na nane hazikujibiwa hata kwa tusi. Nilizipeleka kwenye mitambo ya umeme, viwanda vya saruji, kampuni za kuchimba visima, kila mahali ambapo mhandisi mtarajiwa anaweza kuvaa kofia ngumu akapigwa picha ya kumtumia mama yake. Iliyojibiwa ni ile ya kumi na tisa, niliyoiandika shingo upande wiki ya mwisho: karakana ya hospitali, nyuma kabisa, kati ya chumba cha kufulia na tangi la maji. Wenzangu waliposikia walinipa pole. Mmoja aliniuliza kama nitakuwa nafua au nakausha.

Mama hakunipa pole. Mama ni mtu asiyeweza kuona vumbi likatulia mahali, na kwake kazi ni kazi. Aliniambia nikifika kwa watu nisikae bure kama mgeni wa harusi, nikikosa la kufanya nishike kitambaa. Akalifua koti langu jipya la kazi, la buluu, ambalo halijawahi kuvaliwa hata mara moja, akalipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwakani binti yake anavaa joho, na mimi nilijua joho hilo limesimama juu ya kitu kimoja tu, daftari la mafunzo. Lilikuwa na kurasa arobaini, moja kwa kila siku ya kazi kwa wiki nane, na chini ya kila ukurasa palikuwa na mstari wa sahihi ya msimamizi. Wiki ya sita mhadhiri angekuja kulikagua. Ambaye daftari lake lingekutwa na pengo angerudia mwaka mzima.

Msimamizi wangu alikuwa fundi mkuu wa karakana, mzee mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, na watu wote walimwita Mzee Sikiliza. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza swali lolote, kuanzia pampu mpaka hali ya hewa, jibu lake huanza na "sikiliza kwanza", na mara nyingi huishia hapohapo. Siku ya kwanza aliniuliza nimesoma nini. Nikamwambia uhandisi wa mitambo, mwaka wa nne, nikamtajia na alama zangu za mtihani maana alinitazama kama anayesubiri zaidi. Akachomoa bisibisi ndefu mfukoni, akaigusisha ncha kwenye mota ya mashine ya kufulia iliyokuwa inazunguka, na mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Akafumba macho. Kisha akanipa na mimi.

Nilisikia matumbo ya mashine ile yote. Nilisikia maji, nikasikia mkanda, nikasikia kitu fulani kikigonga kwa adabu kila mzunguko. Nilisisimka mpaka nikacheka peke yangu. Aliniuliza nimesikia nini, nikasema nimesikia mota inafanya kazi. Akaichukua bisibisi yake akaenda zake.

Wiki mbili zilipita hivyo. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi, kupitisha spana na kufumba macho nikiwa na chuma sikioni. Kila jioni nilijaza ukurasa wangu kwa mwandiko mzuri na kuuweka mbele yake, na kila jioni aliurudisha bila sahihi. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba yeye hamsainii mtu kwa kushika tochi, nikishafanya kazi atasaini. Nilikuwa na kurasa kumi tupu pale chini, na usingizi ukaanza kunikimbia.

Wiki ya tatu akapewa ruhusa ya siku tatu kwenda kumwoza mpwa wake. Kabla ya kuondoka alinikazia jicho, akaniambia nisifungue kitu chochote. Nikaapa. Na ukweli usemwe, sikufungua kitu.

Nilisafisha. Siku ya kwanza nilimaliza karakana. Siku ya pili nikaingia chumba cha kufulia, penye mashine nne za kufulia na mbili za kukaushia. Siku ya tatu nikamalizia na pampu ya tangi, feni kubwa za jikoni na mtambo wa mvuke unaotakasa vyombo vya upasuaji. Nyuma ya kila mashine, upande unaotazama ukuta, kulikuwa na uchafu wa chaki. Mistari, misalaba, viduara, vingine vimepauka, vingine vimechorwa juu ya vingine. Nilijua mara moja ni nini. Mzee Sikiliza alikuwa mgonjwa wa mpira, redio yake haikukosa mechi, na mimi nikaamini kabisa kwamba ni magoli ya ligi za miaka na miaka. Nikachanganya sabuni ya unga na maji ya moto, nikasugua mpaka migongo yote ikang'aa. Nikajipiga picha nimesimama katikati yao, nikamtumia mama. Mama akanijibu kwa mioyo myekundu saba.

Mzee Sikiliza alirudi Jumatatu, furaha ya harusi bado iko usoni. Mashine namba mbili ilikuwa inanguruma vibaya, akapita nyuma yake na tochi. Akaenda namba tatu. Akaenda namba nne. Akatoka nje kwenye pampu, akarudi, akakaa juu ya sanduku la vifaa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nasubiri kusifiwa.

"Nani amefuta?" akauliza.

"Mimi, mzee. Zote," nikasema, meno thelathini na mawili yote yakiwa nje.

Aliyenieleza si yeye, alikuwa Mama Shuka, mkuu wa wafuaji, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa ghorofa ya pili na akasikia. Alinivuta pembeni akanifundisha nilichokifuta. Mstari uliosimama ulimaanisha mashine ilifunguliwa ikatengenezwa. Msalaba ulimaanisha inasubiri kipuri. Kiduara kitupu kilimaanisha ina sauti ya kuchungwa, usiipe kisogo. Na kiduara chenye nukta katikati, alama ambayo fundi aliitoa kwa uchoyo mkubwa, kilimaanisha iache, inajua kazi yake. Zamani alikuwa anaandika kwenye daftari, lakini panya wakalila lote msimu mmoja, basi akahamia kwenye chuma. Miaka kumi na moja ya kila mashine ya hospitali ile ilikuwa mgongoni mwake, na nakala hakuna.

Fundi hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Aliniambia kwa upole kwamba nikaombe chuo kinitafutie mahali pengine, maana yeye sasa ana kazi ya kuanza kuzijua mashine zake upya. Nikaenda nyuma ya mashine ya kukaushia, mahali penye joto na kelele, nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Sikulia kwa ajili ya joho peke yake. Nilikuwa nimeuona uso wa mtu aliyepotelewa, na kitambaa kilichompotezea kilikuwa bado mfukoni mwangu.

Mama Shuka alinikuta hapo. Akaniita Bi Sabuni, na jina hilo likaninasa mpaka siku ya mwisho. Akasema nikimaliza kulia ninyanyuke niandike, maana yeye namba tatu anaijua kuliko anavyomjua mume wake. Ukiijaza mablanketi inagonga upande wa kushoto mara mbili halafu inanyamaza, na mkanda wake ulibadilishwa mwezi ule kitinda mimba wake alipoota jino la kwanza. Nikafuta machozi. Nikafungua daftari.

Sikuondoka. Barua ya kunifukuza sikuandikiwa, kwa hiyo nilijifanya sikusikia, na kuanzia hapo ilikuwa raha tupu. Nilizunguka hospitali nzima nikiwauliza watu mashine zao zinalia vipi. Mtu unaweza kudhani ni swali dogo. Hebu mwambie mtu mzima aliyevaa sare akutolee sauti ya feni. Kwanza ataona haya, atatazama kushoto na kulia, halafu atatoa sauti ambayo hukuitarajia kwa binadamu. Muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji, mama mkimya mwenye miwani, aliniigizia mtambo wa mvuke tangu unapowashwa mpaka unapozimwa, pamoja na ule mkoromo wa mwisho, na wenzake ikabidi washikane wasianguke. Wafuaji nao walibishana kuhusu namba moja mpaka wakaamua kuiimba, mmoja akawa maji, mmoja akawa mkanda, mmoja kile kitasa kilicholegea, na Mama Shuka akawaongoza kwa mpini wa fagio. Mimi niliandika yote kama nilivyosikia. Ng'uu-tak, ng'uu-tak, shaa, puu.

Siku ya tatu ya kuzunguka huko, Mzee Sikiliza alipita nyuma yangu akasoma daftari begani kwangu. Nilikuwa nimeandika kwamba pampu ya tangi inasema tak-tak-tak. Akaguna. Akasema pampu ile haijasema hivyo tangu izaliwe, inasema tak, inapumua, halafu tak-tak, na hiyo ni kwa sababu ilipobadilishwa valvu mwaka wa mafuriko waliletewa ya kipimo kidogo. Kisha akakumbuka kwamba haongei na mimi, akaondoka.

Nikawa nimeijua dawa yake. Mtu yule aliweza kuvumilia njaa, aliweza kununa wiki nzima bila kuchoka, lakini kosa lililoandikwa likakaa mbele ya macho yake lilimshinda. Kesho yake nikaandika makosa kwa makusudi, nikaacha daftari wazi juu ya meza ya kazi, nikaenda kunywa maji. Niliporudi nilimkuta ameinama, kalamu mkononi, anakata na kuandika pembeni huku anasonya. Niliandika kwamba feni ya jikoni haijawahi kufunguliwa, akajaza ukurasa mzima wa habari za feni. Niliandika kwamba namba nne ndiyo mashine bora kuliko zote, nusura atoe machozi. Wiki ya nne ilipokuwa inaisha akashtuka. Alinitazama, akalitazama daftari, akaniuliza kama kweli mimi mwana wa chuo kikuu niliamini mtambo wa mvuke unaendeshwa kwa mkanda wa cherehani. Nikasema hapana, mzee, siamini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni hiyo alisaini kurasa zote za nyuma, hata zile za tochi, akisema mtu aliyeweza kumpumbaza fundi wa miaka thelathini bila shaka alikuwa kazini. Sahihi yake ilikuwa ndefu, yenye mkia, na aliichora taratibu ulimi ukiwa nje kidogo. Nilizihesabu sahihi zile kitandani kama mtoto anayehesabu zawadi. Mama alinisikia nacheka akauliza kuna nini, nikamwambia kila kitu kuhusu sabuni, maana mpaka hapo nilikuwa sijathubutu kumweleza. Akauliza kama angalau migongo yenyewe ilitakata.

Baada ya hapo tulitembea pamoja, mimi na Mzee Sikiliza, tukizirudishia mashine alama zake. Yeye alisema, mimi nilichora, chaki kwenye chuma na nakala kwenye daftari. Alinifundisha kusikiliza chini kabla ya juu, mngurumo kabla ya mlio. Alinifundisha kumuuliza mwenye mashine kabla ya kuigusa mashine. Sijawahi kufurahia kitu darasani kama nilivyofurahia siku zile, na nilisema hivyo kwa kila aliyeniuliza na kwa wengi wasioniuliza.

Halafu ikaja Alhamisi ya wiki ya tano.

Tulikuwa kwenye namba tatu. Hiyo ndiyo mashine aliyoipenda kuliko zote ingawa asingekubali kusema, miaka minne haijamsumbua, iliyokuwa na kiduara na nukta yake kabla ya sabuni yangu. Nilibana mpini nyuma ya sikio kwa mazoea tu. Chini kulikuwa sawa, mkanda sawa, maji sawa. Lakini juu kabisa, mashine ilipofika mwendo wake wa kasi, nilisikia kitu chembamba ambacho hakikuwepo wiki iliyopita. Kilikuwa mluzi. Nikachukua chaki, nikachora kiduara kitupu, na kwenye daftari nikaandika: namba tatu inapiga mluzi.

Mzee Sikiliza akasikiliza, akafumba macho. Akasikiliza tena. Akasema hamna kitu, nifute. Nikamwambia upo, mzee, juu kabisa. Akasikiliza mara ya tatu, na safari hii niliona usoni mwake kitu ambacho sikukielewa. Alikuwa na sura ya mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo ambao siku zote huwa pale. Kisha akakunja uso. Nikaomba tuifungue tuone, akakataa, akasema mashine nzima haipasuliwi, na shuka za chumba cha upasuaji zinangoja foleni. Na yeye hawezi kuweka sahihi chini ya sauti ambayo haipo. Nikiukata ule mstari mmoja wa mluzi, atasaini ukurasa sasa hivi.

Nilishika kalamu. Ilikuwa kazi ya mara moja, mstari juu ya mstari, kisha ningerudi nyumbani na daftari langu lisilo na pengo. Kalamu ikafika kwenye karatasi. Nikairudisha mfukoni.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nimeshafuta vya kutosha mahali hapa."

Akalifunga daftari bila kusaini. Ijumaa alisaini, Jumatatu na Jumanne alisaini, lakini Alhamisi aliiruka kila alipofungua. Hatukugombana. Alinitania kama kawaida na mimi nilimpitishia spana kama kawaida, ila tulipofika kwenye namba tatu kila mmoja alitazama upande wake. Kiduara changu kitupu hakukifuta, na mimi sikukitia nukta.

Mhadhiri alikuja Jumatano. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na haraka nyingi, maana kulikuwa na wanafunzi wengine wanne wakimsubiri mjini siku hiyohiyo. Alikaa kwenye kigoda cha karakana, akafungua daftari langu, na haraka yake ikaanza kupungua. Alisoma ukurasa wa pampu mara mbili. Akauliza ng'uu-tak ndiyo kitu gani, na Mama Shuka, aliyekuwa anapita mlangoni kwa mara ya nne bila sababu, akamwigizia bila kuombwa. Mhadhiri alicheka. Mimi nilianza kupumua. Kisha akafika Alhamisi na kidole chake kikasimama.

Mzee Sikiliza alimweleza kwa heshima zote. Alisema binti ni mchapakazi, ana mkono mwepesi, na ana kichwa kigumu kama nati iliyoshika kutu. Ameandika kitu ambacho hakipo. Mhadhiri akanigeukia akasema anasikitika, lakini utaratibu anaufahamu kila mtu: ama mstari ukatwe ukurasa usainiwe, ama aandike kuna pengo. Akanisogezea kalamu yake. Nilimfikiria mama na majirani zake, nikalifikiria joho, nikaificha mikono nyuma.

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nilichomoa bisibisi nikampa mhadhiri wangu, mtu mwenye shahada tatu, nikamwambia neno ambalo lilikuwa na mwenyewe.

"Mwalimu, sikiliza kwanza."

Mama Shuka akaangua kicheko. Hata Mzee Sikiliza mdomo ulimcheza, na mtu hawezi kulikataa neno lake mwenyewe likisemwa mbele ya wageni. Tukaenda wote kwenye namba tatu. Mhadhiri aliinama na shati lake jeupe, nikamwonyesha pa kugusisha ncha na pa kubana mpini, tukangoja mashine ifike mwendo wake. Alikuwa ametufundisha mitetemo ya mitambo ubaoni miaka mitatu mfululizo. Nilimwona akifumbua macho.

Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna mluzi. Mama Shuka akampokonya bisibisi akasikiliza, akasema upo, tena mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Ndipo Mzee Sikiliza akanyoosha mkono. Alisikiliza muda mrefu kuliko sisi wote, amefumba macho kwa nguvu. Mwisho akaishusha bisibisi taratibu, akaifuta kwa kiganja.

"Mimi siusikii," akasema. "Mluzi upo na mimi siusikii. Ifungueni."

Niliifungua mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufungua mashine kwa mkono wangu mwenyewe, na aliyenishikia tochi alikuwa Mzee Sikiliza, hakuitikisa hata kidogo. Tulipofika kwenye beringi ya nyuma tuliikuta imekauka kabisa, grisi imekuwa unga, gololi zimegeuka rangi ya buluu kwa joto na moja ina ufa. Mhadhiri aliigeuza mkononi, unga mweusi wa grisi ukammwagikia kwenye mkono wa shati, wala hakuuona. Alisema siku mbili zaidi, tatu kama tuna bahati, na ingekwama na shuka zote za chumba cha upasuaji tumboni.

Nilitakiwa kuwa na furaha, na nilikuwa nayo, lakini nilimtazama yule mzee akipanga gololi kwenye kitambaa kwa ukubwa wake na furaha ikanikaa vibaya. Miaka thelathini kati ya mashine zenye kelele ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, kuanzia juu. Nikachukua daftari, nikaandika kwenye ukurasa wa siku ile kwamba fundi mkuu aliamuru namba tatu ifunguliwe na hitilafu ikaonekana. Kila neno lilikuwa la kweli. Nikampelekea.

Alisoma. Akaniomba kalamu, akakata nilichoandika, akainamia ukurasa ulimi ukiwa nje. Aliandika: Mwanafunzi alisikia. Mimi sikusikia. Nilimwambia afute, akakataa, na alifanya vizuri. Akasaini. Kisha akarudi nyuma kwenye Alhamisi, akasaini na pale, kwa mkia mrefu kuliko sahihi zote.

"Sasa mwalimu," akamgeukia mhadhiri, "na mimi leo nimeshinda nimeshika tochi. Ni nani atanisainia?"

Tulicheka mpaka wafuaji wakatoka nje kuuliza kuna nini. Mhadhiri akaamuru nisaini mimi, na nikasaini, pembeni ya ukurasa, kwa mkia wa kuiga.

Wiki mbili za mwisho zilipita mbio. Mzee Sikiliza alisikiliza za chini, mimi nilisikiliza za juu, na mashine zikawa hazina pa kujificha. Nilimsumbua kila siku aende kupimwa masikio, maana chumba chenyewe kilikuwa milango mitatu kutoka karakana na mashine ya kupimia alikuwa ameitengeneza yeye mara mbili. Alikwenda siku ya Jumatatu akinung'unika njia nzima. Alirudi akisema mashine yao iko sawa, masikio ndiyo yanasubiri kipuri. Aliniamuru nimwandikie barua kwa chuo, kuomba waletewe mwanafunzi kila mwaka. Sifa ya kwanza ya mwombaji alinitajia mwenyewe, awe na masikio. Ya pili akafikiri kidogo, akasema awe mbishi.

Siku ya kuniaga walinunua soda. Wafuaji wakaimba namba moja kuanzia maji mpaka kitasa, na yule muuguzi mkimya akaomba kuingiza mtambo wa mvuke katikati, akaharibu wimbo wote na hakuna aliyejali. Nilipotaka kuchukua koti langu la kazi pale kwenye msumari, nilikuta Mzee Sikiliza amekwisha kulikunja vizuri na kulitia kwenye mfuko. Nilishangaa kidogo, maana mzee yule hakuwahi kukunja hata kitambaa. Aliniambia niende salama. Nilitaka kumwambia maneno mengi, nikasema tu ahsante, mzee, akasema haya, Bi Sabuni.

Nyumbani mama alikuwa ameshaandaa beseni, povu limejaa mpaka juu. Nilimpa daftari alione, kurasa arobaini na sahihi arobaini, akalipitia jani kwa jani akiwa amesimama, akilishika pembeni kwa vidole viwili ili asilichafue. Kisha akaurudia mfuko, kama nilivyojua angefanya, akalitoa koti, akalikung'uta.

"Nani huyu kakuchora mgongoni?" akauliza.

Niligeuka. Katikati ya mgongo wa koti, kwa chaki nyeupe, palikuwa na kiduara kimoja kilichochorwa taratibu na mkono mkubwa, na katikati ya kiduara palikuwa na nukta.

Mkono mmoja wa koti ulikuwa umekwisha kugusa povu. Nililidaka nikalivuta kifuani, maji yakanimwagikia miguuni, na mama akanitazama kama nimepagawa. Nikamweleza kwamba pale kazini alama ni nne, na hii ndiyo ya nne. Mashine ikichorwa hivi maana yake iache, inajua kazi yake.

"Na mtu je?" mama akauliza.

Alinitazama usoni, akalitazama koti, akalitazama beseni lake. Halafu akalichukua koti mikononi mwangu kwa uangalifu, akalitundika ukutani sebuleni, chafu vilevile, mgongo ukitazama mlangoni, akatoka kwenda kuwaita majirani.